Jina la Mtoto



Kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii upo ukanda mpana wa mawe yasiyo idadi yanayolizunguka jua. Wataalamu huyaita asteroidi. Mojawapo, lililo upande wa ndani wa ukanda huo, yaani upande unaolielekea jua, liligunduliwa mwaka 1999, likaandikiwa namba 152830. Upana wake haufikii kilometa 1. Katika darubini lilikuwa nukta tu, nalo likakaa miaka mingi bila jina.

Mwaka 2023 wataalamu wa Marekani waliamua kwamba chombo chao cha angani kiitwacho Lucy, kilichorushwa mwaka 2021, kipite karibu nalo ili kujaribu mitambo yake. Lucy ni jina la mifupa ya kale iliyopatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Kwa Kiamhara mifupa hiyo huitwa Dinkinesh, maana yake, wewe ni wa ajabu. Basi jiwe likapewa jina hilo, na mimi naona ni vema: binti wa Ethiopia aitwe kwa lugha ya kwao.

Tarehe 1 Novemba 2023, ambayo kwetu ni Sherehe ya Watakatifu Wote, chombo kilipita umbali wa kilometa 430 hivi. Picha zilipofika, watu walistaajabu. Jiwe halikuwa peke yake, bali lilikuwa na mwezi mdogo. Siku chache baadaye zikaja picha nyingine, zilizopigwa dakika chache baada ya kupita, nazo zikaonyesha kwamba mwezi wenyewe ni mawe mawili yanayogusana. Katika picha za kwanza moja lilikuwa limejificha nyuma ya mwenzake.

Mwezi huo uliitwa Selam, yaani amani, nalo ni jina la mtoto. Mwaka 2000, huko Dikika, si mbali na Hadar, kundi lililoongozwa na Mwethiopia Zeresenay Alemseged lilikuta mifupa ya mtoto wa kike aliyekufa akiwa na umri wa miaka 3 hivi, yapata miaka milioni 3.3 iliyopita. Mifupa ilikuwa imeshikwa na jiwe la mchanga, ikabidi kuliondoa punje kwa punje kwa miaka mingi. (Katekista akiulizwa juu ya mabaki ya namna hii asitaharuki. Papa Yohane Paulo II, mwaka 1996, aliiambia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia ya mageuko ya viumbe si dhana tupu.)

Ndugu zangu, sasa niseme lililonisukuma kuyaleta haya. Katika vijiji vyetu mtoto akifa siku ile ile ya kuzaliwa, au akizaliwa amekwisha kufa, mara nyingi huzikwa upesi na kimya kimya. Mama huambiwa ajikaze, atapata mwingine. Mtoto hapewi jina, wala hatajwi kati ya marehemu wetu mwezi Novemba. Miaka 20 baadaye, mama yule akiulizwa ana watoto wangapi, huhesabu walio hai, kisha husita kidogo. Sisi twaona kusita tu. Nyuma yake yupo mtu.

Kanisa halimsahau mtoto huyo. Katekisimu inamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na sheria ya Kanisa inampa Askofu mamlaka ya kuruhusu azikwe kwa ibada, ikiwa wazazi walikusudia abatizwe. Waelezeni waamini jambo hili mapema, msingoje siku ya msiba.

Nanyi makatekista, mnapoandika majina ya marehemu, muulizeni mama faraghani, kwa upole, kama yuko mtoto anayetaka atajwe. Ikiwa hakumpa jina, ampe sasa. Asipotaka, msimshurutishe. Na baba aulizwe pia. Huenda ndiye aliyelichimba kaburi lile.