Uhalisia katika Kuelewa na Kuzuia Uhalifu: Ujangili Kuzunguka Pori la Akiba Liparamba

Mada kwa semina ya wenyeviti wa vijiji, watendaji, mgambo, askari wa wanyamapori wa vijiji na vikundi vya ulinzi shirikishi



1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze nadharia za kisosholojia za uhalisia kuhusu vyanzo vya uhalifu na namna ya kuuzuia. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mnipime nayo: ujangili huzuiwa na taarifa kuliko bunduki, na taarifa anazo mwanakijiji. Hatua yoyote inayomfanya mwanakijiji afunge mdomo humnufaisha jangili, hata kama siku hiyo watu wengi wamekamatwa.

2. Uhalisia unasema nini

Katika miaka ya 1970 wapo wanazuoni wa Ulaya na Marekani waliomtazama mhalifu kama mtu anayepinga mfumo dhalimu, wakaona hofu ya wananchi imekuzwa na magazeti. Wanauhalisia walikataa. Walisema uhalifu upo, unaumiza, na unamuumiza zaidi asiye na kitu, kwa sababu anayemwibia maskini mara nyingi ni jirani yake. Wakagawanyika katika mirengo miwili.

Mrengo wa kulia uliongozwa na James Q. Wilson wa Marekani, aliyetoa kitabu chake kikuu kuhusu uhalifu mwaka 1975. Kwake, kuahirisha kazi ya kuzuia uhalifu mpaka umaskini uishe ni kujidanganya. Mtu hupima faida na hasara, kwa hiyo kazi ya dola ni kuongeza uhakika wa kukamatwa. Mwaka 1982 yeye na George Kelling walidai kwamba dirisha lililovunjika na kuachwa huwaalika wavunjaji wengine: makosa madogo yakivumiliwa, makubwa hufuata. Jirani na mawazo hayo ni maelezo ya Lawrence Cohen na Marcus Felson ya mwaka 1979, kwamba kosa hutokea pale vinapokutana vitu vitatu: mtu mwenye nia, kitu kinachotamanisha, na kukosekana kwa mlinzi.

Mrengo wa kushoto ulianza Uingereza. John Lea na Jock Young, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walitaja vyanzo vitatu. Cha kwanza ni hisia ya kunyimwa: mtu hajioni fukara mpaka ajilinganishe na mwingine anayeamini hakustahili kumzidi. Cha pili ni kusukumwa pembeni, kukosa pa kupeleka malalamiko yakasikilizwa. Cha tatu ni desturi za kundi, yaani namna vijana wanavyojitungia majibu yao wenyewe kwa hali hiyo. Kutoka mrengo huu tumepata mraba wa uhalifu wenye pembe nne: mkosaji, mwathirika, dola na jamii. Ukishughulikia pembe moja tu, tatizo linabaki.

3. Hali yetu

Pori la Akiba Liparamba lilianzishwa mwaka 2000, lina ukubwa wa kilomita za mraba 571, na linapakana na Msumbiji. Tembo hawajui mpaka wa nchi, na jangili anautumia. Akifukuzwa upande mmoja, anajificha upande wa pili.

Tusichanganye ujangili wa aina mbili. Upo wa kitoweo, wa mitego ya nyaya na gobore, ambao mara nyingi ni wa mtu wa kijijini anayetafuta mboga na fedha kidogo. Upo wa meno ya tembo, wenye mnyororo wa mfyatuaji risasi, mbebaji, dalali na tajiri aliye mjini au nje ya nchi. Wa kwanza unaweza kuelezwa na njaa. Wa pili hauelezwi na njaa peke yake, maana tajiri hana njaa. Yeye ananunua shida ya kijana wa kijijini kwa bei ndogo.

Hapo ndipo hisia ya kunyimwa inapoingia. Mkulima anakesha shambani akilinda mahindi dhidi ya wanyama ambao sheria inamkataza kuwagusa. Wakiharibu, anajaza fomu ya kifuta jasho chini ya kanuni za mwaka 2011, kisha anasubiri. Akiona magari ya doria yanapita na fedha yake haifiki, atahesabu kwamba uhai wa mnyama umethaminiwa kuliko jasho lake. Dalali akija usiku na fedha taslimu, anamkuta mtu aliyekwisha kujipa ruhusa moyoni. Wenzetu wa nyanda za juu za Mbinga wanaijua hali hii kupitia magoma, pale mkulima anapouza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu ada ya shule haingoji mavuno. Mwenye fedha taslimu katika mwezi wa dhiki ndiye anayepanga bei ya kahawa, na ndiye anayepanga bei ya kimya pia.

4. Somo la Operesheni Tokomeza

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ina adhabu kali: kukutwa na nyara za serikali kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 20 hadi 30. Pamoja na hivyo, idadi ya tembo nchini ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Katika mfumo wa ikolojia wa Selous na Mikumi walishuka kutoka karibu 39,000 hadi karibu 13,000 kufikia mwaka 2013. Ukali wa adhabu peke yake haukuwaokoa. Hata Wilson asingeshangaa: kifungo cha miaka 30 hakimtishi mtu anayeamini hatakamatwa.

Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza. Majangili walikamatwa na silaha zikapatikana, lakini malalamiko ya mateso, mauaji, na mifugo kuuawa na kuporwa yalifika bungeni, na operesheni ikasitishwa mwanzoni mwa Novemba. Kamati ya Bunge ilipowasilisha ripoti yake Desemba, mawaziri wanne waliondoka madarakani.

Lea na Young walikuwa wameeleza mzunguko huu miaka mingi kabla. Polisi wasio na taarifa hukamata kwa kukisia. Wanaokamatwa bila kosa huchukia. Wanaochukia hunyamaza, na polisi wanabaki na taarifa chache kuliko mwanzo. Tofauti na hayo, Yang Fenglan, mfanyabiashara aliyeitwa malkia wa pembe za ndovu, alikamatwa mwaka 2015 na kuhukumiwa miaka 15 jela mwaka 2019 katika Mahakama ya Kisutu. Kumfikia mtu wa ngazi hiyo kulihitaji kufuata mnyororo wa watu na fedha. Kupekua nyumba kwa nyumba kusingetosha.

5. Tufanye nini

Kwanza, tuchukue la kulia lililo jema, yaani uhakika wa kukamatwa. Doria za askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) zielekezwe kwenye njia na vivuko ambavyo wanakijiji wanavijua, hasa miezi ya kiangazi nyasi zikishaungua na wanyama wakikusanyika kwenye maji. Mitego ya nyaya iondolewe mara inapoonekana, isiachwe ikazoeleka.

Pili, madai ya kifuta jasho yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji: nani ameomba, lini, na dai lake limefikia wapi. Hili halihitaji bajeti mpya, na linampa mkulima mahali pa kuuliza.

Tatu, mtoa taarifa alindwe. Mtu asitajwe mkutanoni wala jina lake lisiandikwe kwenye daftari linaloweza kusomwa na kila apitaye. Kijiji ni kidogo, na siri ikivuja mara moja hakuna atakayekuja tena.

Nne, ulinzi wa jamii uwe na mipaka. Sungusungu walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipunguza wizi wa ng'ombe, lakini pia walilaumiwa kwa viboko na hukumu za papo hapo. Kazi ya kikundi chetu iwe kukamata na kukabidhi. Kuhukumu ni kazi ya mahakama.

Tano, vijiji vipate faida inayoonekana. Wenzetu wa Mbarang'andu kule Namtumbo na Nalika kule Tunduru wana maeneo ya jumuiya ya wanyamapori. Twende tukaulize mapato yanavyogawanywa na migogoro inakotokea, kabla hatujaamua kuiga.

6. Maswali ya kujadili katika vikundi

(a) Katika kijiji chako, mtu akiona mzoga wa tembo leo jioni, atamwambia nani kwanza, na kwa nini?

(b) Ni kosa gani dogo tumelivumilia ambalo linafungua njia kwa makubwa?

(c) Katika pembe nne za mraba, ipi imeachwa tupu hapa kwetu, na nani kati ya waliomo humu ndani ana wajibu wa kuijaza?