Kura Moja ya Newport News na Kura Moja ya Chake Chake

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye mkutano wa wanajumuiya wetu hapa Virginia. Waliohudhuria wameniomba niyaandike ili na walioko nyumbani wayasome. Nimepunguza utani kidogo, mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa.)



Mwenyekiti aliponipigia simu alinipa mada "siasa za Marekani". Nikamwambia Mwenyekiti, hiyo ni bahari, na mimi ni muuguzi tu niliyetoka zamu ya usiku. Basi nitachota kikombe kimoja. Kikombe chenyewe ni uchaguzi wa mwaka 2017 katika mji wa Newport News, mwendo wa saa tatu kutoka hapa kama barabara ina huruma.

Tarehe 7 Novemba 2017 watu wa Virginia walichagua wajumbe wote 100 wa Baraza la Wajumbe, yaani bunge la chini la jimbo letu. Kabla ya siku hiyo chama cha Republican kilikuwa na viti 66. Usiku ule Democratic walizoa viti vingi mno, hasa kwenye miji ya pembezoni kama hii tunayoishi sisi, yenye nyumba mpya, maduka makubwa na foleni zisizokwisha. Mwisho wa yote wakawa na 49, na kiti kimoja kikabaki kinaning'inia: wilaya ya uchaguzi namba 94. Mjumbe aliyekuwepo alikuwa David Yancey wa Republican. Aliyempinga ni Shelly Simonds wa Democratic, mama aliyekuwa kwenye bodi ya skuli za mji. Kiti hicho kikienda kwa Simonds, baraza ni 50 kwa 50. Kikibaki kwa Yancey ni 51 kwa 49, na Spika anatoka chama kile kile.

Hesabu ya kwanza ilimpa Yancey ushindi wa kura 10. Zikahesabiwa upya tarehe 19 Desemba, Simonds akashinda kwa kura moja: 11,608 kwa 11,607. Watu wakalala wakishangilia. Kesho yake majaji watatu wakaletewa karatasi moja iliyokuwa imewekwa kando. Mpigakura huyo alikuwa amejaza duara la Simonds na la Yancey pia, kisha akapitisha mstari kwenye la Simonds. Majaji wakaangalia karatasi nzima, wakaona kwingineko amechagua Republican, wakaamua kura ni ya Yancey. Sare: 11,608 kwa 11,608.

Sheria ya Virginia inasema sare huamuliwa kwa bahati nasibu. Tarehe 4 Januari 2018, mbele ya kamera za dunia nzima, majina mawili yalitiwa ndani ya vikopo vya filamu ya kamera, vile vya zamani, vikawekwa kwenye bakuli la udongo lililoazimwa kutoka jumba la makumbusho. Mwenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi akatia mkono. Likatoka jina la Yancey.

Naona mnacheka. Lakini Wapemba mliomo humu hamcheki, mnatabasamu, kwa sababu mnajua ninakokwenda.

Januari 1961, uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria Zanzibar, ASP ilishinda jimbo la Chake Chake kwa kura moja. Babu yangu mzaa mama alikuwa kijana hapo Chake, na mpaka anazeeka kila mtu wa rika lake alikuwa na hadithi yake ya nani angekwenda kupiga kura siku ile na hakwenda: mmoja punda kamkwama, mwengine mke kashikwa na uchungu. Matokeo ya nchi nzima yakawa ASP viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, serikali haikuweza kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule, kikiwa kimeongezwa kiti kimoja ili sare isirudi. Na Juni hiyo ndiyo ya fujo zilizoua watu 68. Hayo mnayajua, na majeraha yake wengine mnayo majumbani, kwa hiyo sitaingia zaidi.

Ninachotaka tukiangalie ni kilichofuata baada ya bakuli. Simonds alikubali matokeo tarehe 10 Januari 2018. Mwaka 2019, baada ya mahakama kuamuru mipaka ya wilaya kadhaa ichorwe upya, alisimama tena dhidi ya Yancey yule yule, akashinda bila haja ya bakuli. Aliweza kusubiri kwa sababu alijua uchaguzi wa 2019 upo na kura zake zitahesabiwa. Sisi tuliotoka kule ambako 1995 urais wa Zanzibar ulitangazwa kwa asilimia 50.2 kwa 49.8 na mpaka leo watu hawajakubaliana, tunajua uzito wa kusubiri namna hiyo.

Ila tusiwapambe Wamarekani kupita kiasi. Uchaguzi ule ule wa 2017, wilaya namba 28, pande za Stafford na Fredericksburg, wapigakura zaidi ya 100 walipewa karatasi za wilaya nyingine kwa makosa ya orodha. Bob Thomas wa Republican alishinda kwa kura 73. Mahakama ya shirikisho ikakataa kuamuru uchaguzi urudiwe. Ingekuwa kwetu tungesema maneno gani?

Sasa, kwa nini muuguzi anayasema haya? Kwa sababu ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kabla ya 2019, mtu mzima asiye na mtoto wa kulea, asiye mlemavu, hata awe fukara wa kutupwa, Virginia hakuwa na nafasi humo. Gavana Terry McAuliffe alipigania kuipanua miaka yake yote minne, na Baraza la Wajumbe likamgomea kila mara. Nimewauguza watu wa enzi hiyo. Mtu ana kisukari, ananunua nusu ya dawa, anakunywa siku moja anaruka siku mbili, anafika kwetu mguu umeshaoza. Wengine wanaongea Kiswahili. Wanabeba boksi, wanaendesha teksi, wanawaogesha wazee wa watu majumbani mwao, na wao wenyewe hawajapimwa presha miaka sita.

Tarehe 30 Mei 2018, miezi minne na ushei baada ya bakuli, Baraza lile lile lililobaki mikononi mwa Republican lilipitisha upanuzi kwa kura 67 kwa 31. Wademokrat walikuwa 49 tu. Inayobaki jumlisheni wenyewe. Seneti ikapitisha 23 kwa 17. Gavana Ralph Northam, ambaye ni daktari wa watoto wa mishipa ya fahamu, akatia saini tarehe 7 Juni, na kuanzia 1 Januari 2019 watu wapatao laki nne wakafunguliwa mlango.

Mtu atasema, lakini Simonds alishindwa, kura zile 11,608 zimeleta nini? Hapa ndipo nisipokubaliana na wenzangu wengi. Mjumbe aliyeshinda kwa kura elfu nane analala usingizi. Aliyeshinda kwa 73, au kwa kikopo cha filamu, anaota. Bob Thomas, huyo wa kura 73, alipiga kura ya ndiyo kwa Medicaid. Mwaka 2019 wanachama wa chama chake mwenyewe wakamwondoa kwenye kura za maoni, sehemu kwa sababu hiyo, kwa hiyo hakuwa anacheza. Kulikuwa na mengine pia: Northam alikuwa ameshinda vizuri, na yakawekwa masharti ya watu kufanya kazi ili kuwaridhisha wasiotaka, masharti ambayo baadaye hayakutekelezwa. Lakini viti 15 vilivyohama usiku mmoja viliwatia watu adabu.

Yako yanayotuhusu sisi wageni zaidi ya hayo. Mwenye grini kadi hapa alitakiwa awe na miaka 10 ya kazi iliyokatwa kodi kabla ya kufikiriwa Medicaid, juu ya ile miaka mitano ya sheria ya shirikisho. Sharti la miaka 10 liliondolewa Aprili 2021, baada ya baraza kubadilika mikono. Na upigaji kura wenyewe: 2017 vituo vilifunguliwa saa 12 asubuhi mpaka saa 1 usiku. Zamu yetu ni saa 1 mpaka saa 1. Kupiga mapema ilikuwa lazima utoe sababu inayokubalika. Tangu 2020 huulizwi sababu, na unazo siku 45.

Kwa hiyo, wenye uraia. Watanzania tumeilipia pasi ya hapa kwa bei kubwa, tumekabidhi ya kuzaliwa. Wenzetu Wakenya tangu katiba ya 2010 wanashika zote mbili. Bei hiyo yote, halafu tunakesha tukibishana nani awe mgombea Dodoma, na mjumbe wa wilaya yetu hapa hatumjui jina. Wilaya ya watu elfu ishirini na tatu waliopiga kura! Harusi zetu zina watu mia tatu. Na wapo zaidi ya 600 waliompa mgombea wa tatu kule Newport News. Ni haki yao, ila nawaza walilalaje Januari ile.

Wenye grini kadi, nawaomba mnisikilize kwa makini. Ofisi ya leseni za magari watakuuliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Jibu ni hapana. Usitie saini kwa haraka, usisaidiwe na mtoto kubonyeza kitufe. Kujidai raia kwenye fomu ile kunaweza kukurudisha nyumbani, na kumetokea kwa watu wasio na nia mbaya hata kidogo.

Ramani zimechorwa tena tangu wakati ule na namba za wilaya zimebadilika, kwa hiyo kadi yako ya zamani isikudanganye. Kompyuta iko pale kwenye meza ya chai, tuingize anwani mmoja mmoja tuone uko wilaya ipi. Maswali nitayapokea, lakini niacheni niondoke kabla ya saa 12 na nusu, leo pia nina zamu.