Uimara wa Dari ya Jipsamu Umo Katika Mbao Zake



Anayejijengea nyumba huisifu dari ikiwa nyeupe na imenyooka. Uimara wake, hata hivyo, umo katika fremu ya mbao isiyoonekana, ambayo mafundi huiita blandaring.

Bodi ya jipsamu iliyozoeleka ina upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 240. Mbao zikipangwa kila sentimita 40, kutoka katikati ya ubao mmoja hadi katikati ya unaofuata, kingo za bodi hupata pa kushikilia. Ukingo unaoning'inia hewani huleta nyufa kwenye maungio, na rangi haiwezi kuziponya.

Pangaboi lisifungwe kamwe kwenye bodi. Mahali pake pawekwe mapema ubao mnene uliokazwa kwenye kenchi, kwa kuwa bodi haikutengenezwa kubeba mashine inayozunguka juu ya vitanda vya watoto.

Mbao ziwe kavu na zipakwe dawa ya mchwa. Paa nalo likaguliwe kwanza, kwani jipsamu ikilowa hulainika na kulegea.

Kabla bodi ya kwanza haijapigwa, mwenye nyumba apande ngazi akiwa na futi kamba, apime nafasi na kutikisa kila ubao. Malipo ya hatua hiyo yafuate ukaguzi, yasiutangulie. Ubao ulio wazi hurekebishwa kwa nyundo na misumari. Uliokwisha kufunikwa hurekebishwa kwa kubomoa, na gharama humrudia mwenye nyumba.