Kampani Ikibadili Kazi, Tuulize Mapema



Leo nawaletea habari ya kampani moja ya Denmark. Serikali yao iliianzisha mwaka 1972 kushughulikia gesi ya asili, na baadaye ikaitwa DONG. Kwa miaka mingi riziki yake ilikuwa gesi, mafuta na makaa ya mawe. Lakini hewa itokayo vitu hivyo vikichomwa huongeza joto la dunia, na watu wakataka mabadiliko.

Mwaka 2012 akaja mkubwa mpya, Henrik Poulsen. Fedha nyingi zikatiwa katika mitambo ya upepo baharini. Mwaka 2017 kampani iliuza biashara yake ya visima vya mafuta na gesi, ikajiita Ørsted. Mwaka 2024 ikafunga mtambo wake wa mwisho wa makaa, huko Esbjerg.

Hayo ni mema. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Gharama zilipanda, na kazi zake za Marekani zikapata matata. Mwaka 2025 akashika mkubwa mwingine, Rasmus Errboe, na mwezi wa Oktoba ikatangazwa kwamba kazi kama 2,000 zitapunguzwa kufikia mwisho wa 2027.

Basi ndugu zangu, hewa safi si adui yetu. Watoto wetu ndio waivutao. Lakini wakubwa huja na kwenda, na mfanya kazi ndiye aachiwaye shida. Kampani yo yote ikitaka kubadili kazi, tuulize kabla barua hazijaandikwa: Nani atafundishwa kazi mpya? Nani ataachishwa, na kwa malipo gani? Maji yakimwagika hayazoleki.