USHINDI WA GOA NA KIWANJA CHETU

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Masama)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya michezo. Mambo ya Simba na Yanga nimeyaacha nje ya lango, maana tukiyaanza hayo chakula kitapoa na udugu utaingia dosari. Nitasema kama mshabiki wa timu za taifa, na nitasema juu ya mchezo mmoja. Ni ule wa tarehe 15 Oktoba 2022, katika jimbo la Goa, nchini India, ambapo wasichana wetu wenye umri usiozidi miaka 17, Serengeti Girls, waliifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1 katika fainali za Kombe la Dunia.

Mshabiki wa Tanzania ni mtu aliyezoea kusubiri. Taifa Stars walicheza fainali za Mataifa ya Afrika kule Nigeria mwaka 1980, wasizione tena mpaka 2019 kule Misri. Hiyo ni miaka 39. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa amekwisha kuwa mzazi wa mwanafunzi wa sekondari. Katika muda huo tulizoea kujicheka wenyewe, na usemi kwamba soka letu ni kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi hujifunzia hapo, ukawa kama methali ya taifa.

Serengeti Girls walikuwa timu yetu ya kwanza ya soka kufika fainali za Kombe la Dunia zinazoandaliwa na FIFA. Jumatano, tarehe 12 Oktoba, walianza kwa kufungwa na Japani mabao 4 kwa bila. Mnajua yaliyosemwa kwenye vijiwe na ndani ya daladala: kwamba watoto wamekwenda kutalii, na kwamba nauli imepotea. Ijumaa ikawa tarehe 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Jumamosi wakaingia uwanjani kucheza na Ufaransa, nchi iliyokwisha kulitwaa kombe hilohilo mwaka 2012. Diana Mnally akafunga bao la kwanza. Kipindi cha pili Christer Bahera akafunga la pili kwa penalti. Wafaransa wakarudisha moja, na hapo walipoishia.

Enyi vijana, nisikilizeni vizuri hapa. Kati ya Jumatano na Jumamosi hakuna mchezaji aliyeongezewa mguu. Timu ilikuwa ileile, na mwalimu alikuwa yuleyule, Bakari Shime. Ufundi haupatikani kwa siku tatu. Kwa hiyo ufundi uliowafunga Wafaransa ulikuwamo ndani ya timu hata siku ile ya mabao manne. Aliyetazama kwa makini angeweza kuuona mapema zaidi, kwa sababu ili kupata nafasi ya kwenda India wasichana hawa walikwisha kuifunga Kameruni mabao 4 kwa 1 kule kwao, kisha 1 kwa bila katika mchezo wa marudiano Zanzibar.

Na ushindi wa Goa haukuwalevya. Tarehe 18 walicheza na Kanada. Walitangulia kufungwa, Veronica Mapunda akasawazisha, mchezo ukaisha 1 kwa 1. Wakashika nafasi ya pili katika kundi, nyuma ya Japani, wakaingia robo fainali. Huko walifungwa na Kolombia mabao 3 kwa bila, na Kolombia hao wakafika hadi fainali, ambako Hispania ilichukua kombe.

Sisi mashabiki tuna tabia moja ambayo haina budi isemwe. Timu ikishinda tunasema, "tumeshinda." Ikifungwa tunasema, "wamefungwa." Jumatano wale walikuwa watoto wa watu, na Jumamosi wakawa mabinti zetu. Ushabiki wa namna hiyo ni kama jirani anayefungulia maji ya mfereji yaingie kihambani kwake, lakini siku ya kuzibua mfereji haonekani. Wazee wetu wa huku mlimani walikuwa na adhabu kwa mtu kama huyo.

Basi, kwetu sisi wa Masama, siku ya kuzibua mfereji ni ipi? Wachezaji wale walikuwa wamezaliwa mwaka 2005 na baadaye. Ni umri wa kidato cha pili, cha tatu na cha nne. Ni umri wa mabinti walioketi mbele yangu hapa.

Kiwanja cha shule yetu mnakijua. Goli la juu linatazama mlima, goli la chini linatazama migomba, na mpira ukitokea upande wa mtoni mchezo husimama mpaka ufuatwe. Enzi zetu tulikuwa wavulana watupu, tukakitumia tulivyopenda. Leo shule ina wasichana, lakini jioni kiwanja bado ni cha wavulana, na wasichana hukipata wavulana wakishachoka, giza likiwa limekaribia.

Wazazi wenzangu mtaniambia kwamba binti anangojwa nyumbani. Ni kweli. Ng'ombe wa Masama hachungwi. Yumo bandani, na majani lazima yamfikie. Lakini mzigo wa majani haumjui msichana wala mvulana. Kaka yake akiubeba siku mbili kwa juma, ng'ombe atashiba vilevile, na maziwa hayatapungua.

Ndugu Mwenyekiti, chama chetu kina fedha za michango, na imependekezwa zijenge lango jipya lenye majina ya waliochangia. Naomba mkutano huu uupime upya uamuzi huo. Mapendekezo yangu ni matatu. Kwanza, fedha hizo zisawazishe kiwanja, zijenge ukuta mdogo wa mawe upande wa mtoni, na zinunue mipira, nyavu na viatu. Pili, namwomba Mwalimu Mkuu atenge siku mbili kwa juma, saa kumi jioni, ambazo kiwanja kitakuwa cha wasichana peke yao, na mwalimu wa kuwafundisha awepo. Tatu, sisi tunaoishi karibu tuje kuwatazama wakicheza, hasa siku wanayofungwa.

Sisemi kwamba shuleni hapa atatoka mchezaji wa Kombe la Dunia. Pengine hatatoka hata mmoja. Lakini ushindi wa Goa umetuonyesha kwamba uwezo waweza kuwamo ndani ya watoto wetu siku ileile tunayowacheka. Lango tunaweza kulijenga mwaka wowote. Msichana aliye kidato cha pili leo ana miaka miwili tu iliyobaki ya kucheza hapa.