Nani Anaangalia Maji?

Masomo: Yohana 5:1-9, Kumbukumbu la Torati 22:8

Likizo kubwa imekaribia, na vijana wameanza kutuuliza: Mchungaji, mwaka huu tutaenda tena Kisangani? Tutaenda. Lakini kabla hatujaandika jina la mtoto hata mmoja, tuna neno la kusema, na tunaanza kwa kujishtaki sisi wenyewe.

Likizo iliyopita tuliwapeleka vijana kwenye semina mjini. Siku ya mwisho walizunguka kwa toleka, wakawatazama Wagenia na vikapu vyao vikubwa vya kutegea samaki kwenye maporomoko, halafu tukawalipia kiingilio katika bwawa moja la kuogelea, lile wanaloita pisini. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuliona. Maji ya buluu, safi, unaona mpaka vigae vya chini. Mvulana mmoja wa miaka 14, ambaye anaoga kijitoni kila siku lakini hajui kuogelea, aliingia upande wa maji mafupi. Akatembea kuelekea upande wa pili akicheka. Sakafu ikashuka ghafla, miguu yake ikakosa pa kukanyaga.

Hakupiga kelele. Sisi wachungaji tulikuwa hatua kumi kutoka pale. Wawili tulikuwa tunapiga picha, mmoja anagawa mikate, mmoja yuko kwenye simu anabishana bei ya mashua ya kurudi.

Aliyemwona ni mama mmoja aliyekuwa anafagia pembeni. Alitupa ufagio, akaita, mlinzi wa bwawa akaruka. Kijana alipotolewa hakuwa anapumua. Na sisi, watumishi wa Mungu, tulifanya nini? Mmoja wetu alimshika miguu ili amning'inize kichwa chini, eti maji yatoke. Mwingine akaanza kukemea pepo wa maji kwa sauti kuu. Mlinzi alitusukuma. Ndiyo, alisukuma wachungaji, na alifanya vizuri. Akamlaza mtoto chali, akainua kidevu chake, akambana pua, akampulizia pumzi mdomoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto akakohoa. Alilala hospitali usiku ule, kwa sababu maji yakishaingia mapafuni yanaweza kuleta shida saa nyingi baadaye, hata kama mtu amekwisha kusimama.

Tuliporudi Yahuma tulitoa ushuhuda. Kanisa likapiga makofi na vigelegele. Wapendwa, ushuhuda ule ulikuwa nusu. Tulisema Mungu ameokoa, na ni kweli. Hatukusema habari za picha. Hatukusema habari za yule mama wa ufagio, ambaye si wa kanisa letu. Leo tunaisema ile nusu nyingine, na tunaomba msamaha kwa wazazi wake mbele ya wote wanaosikia.

Tangu siku ile tunasoma Yohana 5 kwa macho mengine. Birika la Bethzatha lilikuwa mahali pa watu wote, lenye matao matano, karibu na Mlango wa Kondoo. Wachimbaji wa mambo ya kale wameliona pale Yerusalemu, karibu na kanisa la Mtakatifu Ana: mabirika mawili makubwa, marefu kwenda chini. Sasa fikirini. Kila mmoja anakimbilia maji, mwenye nguvu anamtangulia asiye na nguvu, na katikati yao yuko mtu aliyeugua miaka 38. Yesu anapomwuliza kama anataka kupona, yeye halalamiki kwanza juu ya ugonjwa. Anasema hana mtu. Tumehubiri mara nyingi juu ya maji yale na juu ya godoro lake. Juu ya lile neno lake la kukosa mtu tumepita haraka, kumbe ndilo lililotukuta kwenye vigae. Kijana wetu alikuwa na wachungaji wanne, na hakuwa na mtu.

Kuna ndugu wanaosema, Mchungaji, imani yako iko wapi, Mungu atawalinda. Shetani naye alimwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa maneno ya namna hiyo hiyo, na Yesu alikataa. Someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anamwagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Hakusema malaika watawadaka. Alisema jenga. Na hesabu ya damu inamfuata mwenye nyumba. Mwaka 2017, wilayani Rombo nchini Tanzania, watu wawili walikufa maji mtoni wakati wa ubatizo. Sisi tunaobatiza mtoni tuisikie habari hiyo kwa kutetemeka, na kabla ya kuwashusha watu tupime kina kwa fimbo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapata 300,000 walikufa maji katika mwaka 2021 peke yake, na karibu robo yao ni watoto wasiofikisha miaka 5. Hao si wa pisini tu; ni wa mito, visima, madimbwi, hata beseni. Nasi wa Tshopo tunaishi juu ya maji.

Basi mzazi ajue jambo hili: mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo uko usawa wa maji, unapata nafasi ya kuvuta pumzi tu, si ya kuita. Mikono inakandamiza maji pembeni, haipungi. Anasimama wima kama anayepanda ngazi, kichwa kimerudi nyuma. Ukiwa mbali utadhani anacheza. Ukimwona hivyo, usimrukie kama hukufundishwa, atakukumbatia mzame wote wawili. Mtupie bidoni tupu lililofungwa kifuniko na kamba, au mnyoshee mti ukiwa umelala chini. Akitolewa bila pumzi, usimning'inize, usimkamue tumbo. Mpulizie pumzi kwanza, kisha umsukume kifua, na mtu mwingine akimbilie msaada. Ombeni, lakini mikono ifanye kazi huku mdomo wa mwingine ukiomba.

Tuna neno pia kwa familia zenye mtoto wa kifafa. Yule baba katika Marko 9 alimweleza Yesu kwamba mwanawe huangushwa motoni na majini. Alikuwa anajua hatari yake. Msitufiche. Mtoto huyo hatutamkataza furaha, ila ataingia maji mafupi tu na mtu mzima wa kumshika, na dawa zake asiziache kwa sababu ya maombi.

Kuhusu adabu, hatutasema mengi. Oga kwa sabuni kabla ya kuingia. Ile harufu inayochoma macho kwenye pisini, wengi hudhani ni ya usafi. Hutoka hasa pale dawa ya klorini inapokutana na jasho na mkojo. Mwenye kuhara akae nje, hata kama amelipa. Usikimbie juu ya vigae. Usijitupe kwa kichwa usipojua kina, maana shingo ikivunjika haina fundi. Mzaha wa kumzamisha mwenzako tutauhesabu kama kupigana. Wavulana, macho yenu yawe na heshima kwa dada zenu na kwa wageni, na simu isimpige picha mtu aliyevaa nguo za kuogelea bila ruhusa yake. Wako wazee wanaotaka tuseme pisini ni dhambi. Hatukuona andiko hilo. Vaa nguo ya heshima inayokubaliwa pale, si pagne ndefu, maana inajizungusha miguuni na kukuvuta chini.

Mwaka huu itakuwa hivi. Kila watoto watano watakuwa na mtu mzima mmoja, na huyo mtu hana simu, hana mkate, hana mazungumzo. Baada ya nusu saa anabadilishwa, kwa sababu macho yanachoka. Mtoto asiyejua kuogelea atafungwa kitambaa chekundu mkononi, na asione haya. Wachungaji wawili nao watakifunga. Wazazi waje na majina Jumapili baada ya ibada.

Mama wa yule kijana alikuja kwetu juma lililopita. Tulidhani anakuja kumkataza mwanawe asiende. Ameomba awe mmoja wa walinzi. Tumekubali, na ameshachagua mahali atakaposimama: pale sakafu inaposhuka.

Bwana awe nanyi. Amina.