Mgonjwa wa Figo na Haki ya Kuuliza



Figo huugua kimya. Mtu huweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake bila kuhisi maumivu. Kwa hiyo, anayeishi na shinikizo la juu la damu au kisukari asingoje miguu ivimbe. Aombe kupimwa mkojo, na kiwango cha kreatinini katika damu.

Ukipewa majibu, uliza: figo zangu zinafanya kazi kwa kiasi gani? Nirudi kupima lini? Ni dalili zipi zinilete hospitali mapema? Yaandike unayoambiwa, na uombe nakala ya vipimo. Anayepewa rufaa kutoka Mugumu au Tarime kwenda Bugando, Mwanza, hukutana na daktari asiyemjua. Karatasi hizo ndizo zitakazomsemea.

Dukani, mweleze muuza dawa kwamba figo zako zina ugonjwa kabla hujanunua dawa ya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuzidhuru zaidi.

Usafishaji damu kwa mashine kwa kawaida hufanywa mara 3 kwa juma, takribani saa 4 kila mara. Ulizia mapema gharama yake, na iwapo bima yako inailipia. Maswali hayo yakingoja usiku wa dharura, ng'ombe wa familia huuzwa kwa bei ya hasara.

Wahenga walinena, kuuliza si ujinga. Daktari hadharauliwi kwa kuulizwa, na mgonjwa aliyeelewa hufuata matibabu vyema zaidi.